Amri na Lugha Vitani: Safari ya Kijeshi ya Karel Doorman, Ofisa wa Manowari za Uholanzi (1889–1942)

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu huzoea kufikiri kwamba amri ndiyo sentensi nyepesi kuliko zote. Haina nafsi inayotajwa, haina wakati, na mara nyingi haina hata yambwa. «Njoo», «Simama», «Piga»: mzizi wa kitenzi unatosha. Lakini wepesi huo wa sura unaficha uzito wa matumizi. Ili amri ifanye kazi, anayeamriwa lazima aelewe neno, ajue ni nani aliyesema, atambue kwamba yeye ndiye anayeambiwa, na aamini kwamba amri hiyo haijafutwa na nyingine. Sharti moja likikosekana, amri hubaki kuwa sauti tu.

Makala haya yanakusudia kueleza safari ya kijeshi ya ofisa mmoja wa Kiholanzi, Karel Doorman, ambaye jina lake limeshikamana na sentensi fupi ya maneno matano. Sentensi hiyo inajulikana na watu wengi nchini Uholanzi, ingawa yeye mwenyewe hakuitamka kwa sura hiyo. Tutaanza na maisha yake, tutaingia katika vita vya Bahari ya Java vya tarehe 27 Februari 1942, kisha tutachambua suala la lugha ndani ya kikosi alichokiongoza. Mwishoni tutatazama matokeo ambayo kwetu sisi, wataalamu wa Kiswahili nchini Kongo, yana funzo la karibu zaidi kuliko vita venyewe.

2. Kutoka Utrecht hadi Surabaya

Karel Willem Frederik Marie Doorman alizaliwa Utrecht tarehe 23 Aprili 1889, katika familia ya kijeshi. Mwaka 1906 aliingia katika chuo cha maofisa wa majini cha Den Helder, na mwaka 1910 akahitimu kuwa ofisa. Miaka yake ya kwanza kazini aliitumia katika visiwa vile ambavyo leo tunaviita Indonesia, vilivyokuwa wakati huo koloni kubwa la Uholanzi. Huko alishiriki katika kazi ya kupima bahari na kuchora ramani za pwani ya New Guinea.

Baadaye alivutwa na chombo kipya cha zama zake, yaani ndege. Mwaka 1915 alijifunza urubani huko Soesterberg, akawa miongoni mwa marubani wa mwanzo wa jeshi la majini la Uholanzi. Ndege za siku hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, na Doorman alilazimika kutua kwa dharura zaidi ya mara 30. Tangu mwaka 1917 hadi 1921 aliongoza kituo cha ndege za majini cha De Kooy, karibu na Den Helder. Uholanzi haikupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo alipanda cheo bila kusikia mzinga wa adui. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1923 alisoma katika chuo cha juu cha mbinu za vita vya majini mjini The Hague, kisha akarudi Asia, akiwa mara ofisini, mara juu ya manowari.

Mwaka 1938 alikabidhiwa uongozi wa kikosi cha ndege za majini katika koloni, makao yake yakiwa Surabaya, kisiwani Java. Mwezi Mei 1940 alipandishwa kuwa *schout-bij-nacht*, na mwezi Juni mwaka huohuo akawa kamanda wa kikosi cha manowari.

Tusimame kidogo kwenye cheo hicho, kwa kuwa kinamgusa mtafsiri. *Schout* lilikuwa jina la mtu wa serikali aliyesimamia sheria katika mji au wilaya. *Bij nacht* ni «wakati wa usiku». Kwa asili, cheo hicho kilikuwa cha ofisa aliyelinda mpangilio wa meli za kundi usiku, wakati kiongozi mkuu amepumzika. Tukikifasiri neno kwa neno, tutapata «msimamizi wa usiku», jambo litakalomfanya msomaji wetu afikirie zamu ya mlango wa ghala. Tukisema «admirali wa nyuma» kwa kufuata lugha nyingine za Ulaya, tutazidi kupotosha. Afadhali kusema «admirali wa daraja la kwanza kutoka chini» na kueleza. Nalo neno «admirali» si geni kwetu kama linavyoonekana: limetokana na *amir* la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupa «amiri» na «amiri jeshi». Maneno hayo ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili.

3. Koloni lisilo na mama

Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Uholanzi. Baada ya siku tano, jeshi la nchi lilikuwa limekwisha kusalimu amri, na Malkia Wilhelmina pamoja na serikali yake walikuwa London. Koloni la Asia likabaki bila mji mkuu wa kuliongoza kwa karibu. Msomaji wa Kongo ataitambua hali hiyo, kwani tarehe 28 Mei mwaka huo Ubelgiji nayo ilisalimu amri, na Kongo chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans ikaendelea kupigana upande wa Uingereza. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walifika hadi Asosa, Gambela na Saio huko Uhabeshi. Makoloni hayo mawili yaliendesha vita kwa niaba ya nchi zilizokuwa mikononi mwa adui, na wenyeji wake hawakuulizwa kama walitaka.

Kilichofanya visiwa vya Uholanzi vitamaniwe ni mafuta. Visima na mitambo ya Tarakan, Balikpapan na Palembang vilikuwa na kile ambacho Japani ilikihitaji kuliko kitu chochote, hasa baada ya Marekani, Uingereza na serikali ya Uholanzi kuizuilia biashara ya mafuta katikati ya mwaka 1941. Mwezi Desemba vita vililipuka. Mwezi Januari 1942 mataifa manne, yaani Marekani, Uingereza, Uholanzi na Australia, yaliunda uongozi mmoja wa kijeshi chini ya jenerali Mwingereza Archibald Wavell, makao yake yakiwa kisiwani Java. Upande wa majini uliongozwa kwanza na admirali Mmarekani Thomas Hart. Katikati ya Februari nafasi yake ikachukuliwa na Mholanzi Conrad Helfrich, mzaliwa wa Semarang. Doorman ndiye aliyepewa kikosi cha kupambana baharini.

Mwanzo wake haukuwa wa fanaka. Tarehe 4 Februari ndege za Japani zilikishambulia kikosi chake kabla hakijaona meli hata moja ya adui: manowari ya Kimarekani Marblehead iliumizwa vibaya, na Houston ikapoteza mizinga yake mitatu ya nyuma. Katikati ya mwezi alijaribu kuzuia msafara uliokuwa ukielekea Palembang, akarudishwa na ndege. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Februari alishambulia katika Mlangobahari wa Badung, karibu na Bali, akapoteza manowari ndogo Piet Hein bila kumvunja adui. Wapo waliomwona mwoga kwa sababu alirudi nyuma mara mbili mbele ya ndege. Hoja hiyo inasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa rubani. Alijua kwa hakika meli isiyo na ulinzi angani inavyoonekana kutoka juu.

4. Tarehe 27 Februari 1942

Kufikia siku hiyo Singapore ilikuwa imeanguka (tarehe 15 Februari), na uongozi wa pamoja wa Wavell ulikuwa umevunjwa. Kilichobaki ni kisiwa cha Java na kikosi cha Doorman. Helfrich alimwagiza kuendelea kushambulia mpaka adui aangamizwe. Kwa usiku na asubuhi nzima Doorman alitafuta bila kuona kitu, kisha akapeleka habari kwamba watu wake wamefikia mwisho wa nguvu zao. Alasiri, meli zake zikiwa zinaingia katika bandari ya Surabaya, ikaja taarifa kwamba msafara wa adui umeonekana. Akageuza kikosi mlangoni mwa bandari, akarudi baharini.

Alikuwa na manowari kubwa tano: De Ruyter, iliyombeba yeye, na Java, zote za Uholanzi, Exeter ya Uingereza, Houston ya Marekani, na Perth ya Australia. Pamoja nazo kulikuwa na manowari ndogo za kasi tisa: nne za Marekani, tatu za Uingereza na mbili za Uholanzi. Wajapani chini ya admirali Takeo Takagi walikuwa na manowari kubwa nne na ndogo 14. Kwa hesabu ya meli, tofauti haikuwa ya kutisha. Kwa hesabu ya silaha ilikuwa hivyo. Mizinga mizito ya Nachi na Haguro ilikuwa 20. Upande wa pili ilikuwa 12 tu, kwa kuwa ile mitatu ya Houston ilikuwa imekwisha haribika. Topedo za Kijapani, zilizoendeshwa kwa oksijeni, zilikwenda mbali kuliko wapinzani wao walivyodhani kuwa inawezekana. Tena Wajapani walikuwa na ndege za kuwaonyesha shabaha; kikosi cha Doorman kilikuwa kimeziacha zake pwani.

Mapigano yalianza saa kumi na robo alasiri. Saa kumi na moja na dakika nane, Exeter ilipigwa na kombora lililoharibu chumba cha mitambo ya mvuke. Ilipunguza mwendo na kugeuka kushoto. Hapo ndipo lilipotokea jambo linalomhusu mwanaisimu. Meli zilizokuwa nyuma yake, bila kusikia neno lolote, zilifikiri kwamba Exeter imegeuka kwa kutii amri ya Doorman ambayo wao hawakuipata. Nazo zikageuka. De Ruyter ikaendelea mbele peke yake, mpaka Doorman alipoona kwamba mstari wake umetawanyika. Kimya kilikuwa kimefasiriwa kuwa amri. Wakati huohuo Kortenaer ilipigwa na topedo, ikakatika vipande viwili, na baadaye Electra ya Uingereza ikazamishwa ikijaribu kuilinda Exeter.

Giza lilipoingia, Doorman aliiacha Exeter irudi Surabaya, akaendelea kuutafuta msafara. Manowari za Kimarekani, zilizokwisha topedo zake, zilirudi bandarini. Jupiter ya Uingereza ililipuka juu ya bomu lililotegwa baharini siku hiyohiyo na Waholanzi wenyewe. Encounter iliwaokoa watu wa Kortenaer ikaondoka nao. Kabla ya saa sita usiku, Doorman alibaki na meli nne. Nachi na Haguro zilimwona, zikarusha topedo gizani. Java na De Ruyter zikapigwa kwa kupishana dakika chache. Java ilizama upesi pamoja na watu 512. De Ruyter ilichukua muda zaidi, ikafa na watu 345. Amri ya mwisho ya Doorman kwa Houston na Perth ilikuwa zisikae kuokoa watu, bali zikimbilie Batavia. Yeye na nahodha wake, Eugène Lacomblé, walizama na meli yao.

Houston na Perth ziliangamia katika Mlangobahari wa Sunda usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi. Exeter na Encounter zilizamishwa siku hiyo. Kutua kwa Wajapani kisiwani Java kulikuwa kumecheleweshwa kwa takriban siku moja.

5. Kikosi cha lugha mbili na desturi nne

Meli hizo hazikuwa zimewahi kufanya mazoezi pamoja kwa ukamilifu. Hazikuwa na kitabu kimoja cha ishara. Doorman alitoa amri kwa Kiholanzi. Ofisa mawasiliano wa Kimarekani aliyekuwa ndani ya De Ruyter alizipeleka kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa taa ya ishara, herufi baada ya herufi, katikati ya moshi na maji yaliyorushwa na makombora. Kwa hiyo kila amri ilipita katika milango mitatu: kutoka fikra hadi Kiholanzi, kutoka Kiholanzi hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza hadi desturi ya jeshi la kila taifa. Mlango wa tatu ndio mwembamba kuliko yote. Mwaustralia na Mmarekani wanasema lugha moja, lakini neno moja la kijeshi halimaanishi hatua moja kwao.

Mfano ulio wazi ni ule wa jioni. Manowari ndogo za Kimarekani zilipokea amri nne kwa kufuatana: kwanza, zijibu mashambulizi, pili, amri hiyo imefutwa, tatu, zitandaze moshi, nne, zifunike kurudi nyuma kwa kamanda. Amri ya nne ni sahihi kisarufi, lakini haisemi namna. Kufunika kwa moshi? Kwa mizinga? Kwa topedo? Kiongozi wa manowari hizo aliamua kwamba kinga bora ni kushambulia, akaenda akarusha topedo zake kutoka mbali, bila kupata shabaha. Hatuwezi kusema alikosea. Alijaza mwenyewe nafasi ambayo sentensi iliiacha wazi.

Je, tuseme lugha ndiyo iliyokizamisha kikosi? Hapana. Hata kama wote wangekuwa Waholanzi wa mtaa mmoja, topedo zingewafikia vilevile, na anga lingekuwa la adui vilevile. Ila lugha iliwanyima wale watu kile kilichokuwa bado mikononi mwao, yaani uwezo wa kutenda kama mwili mmoja. Majeshi ya kikoloni yaliijua hatari hiyo. Ndiyo sababu Force Publique, yenye askari wa makabila mengi, ilijengwa juu ya Lingala kama lugha ya pamoja ya kambini. Kikosi cha Java kiliundwa kwa haraka mno kupata cha kwake.

6. «Ik val aan, volg mij»

Sasa tuijie ile sentensi. Waholanzi wengi hufundishwa kwamba Doorman alipeleka ishara: *Ik val aan, volg mij*, yaani «Ninashambulia, nifuateni». Ishara iliyopelekwa kweli ilikuwa ya Kiingereza, na ilisema tu kwamba meli zote zimfuate. Haina «ninashambulia». Sura ya Kiholanzi ni tafsiri huru iliyopambwa.

Tuichambue. Kitenzi ni *aanvallen*, «kushambulia», ambacho hutengana: mzizi *val* hukaa mbele na kiambishi *aan* hutupwa mwisho. Mzizi huo peke yake una maana ya «kuanguka». Mholanzi anayesikia *Ik val*, kabla ya kufika *aan*, amesikia «Ninaanguka». Sidhani kama aliyeitunga sentensi alikusudia hilo, lakini ni vigumu kwa sikio linaloijua habari ya De Ruyter kutolisikia.

Jambo la pili ni *volg mij*. Kiholanzi hapa hakibainishi kama anayeambiwa ni mmoja au wengi. Kiswahili hakiruhusu kujificha hivyo: ni lazima tuchague «nifuate» au «nifuateni». Hapa Lubumbashi msemaji wa kila siku angesema «munifwate», akiweka wingi mbele ya kitenzi badala ya nyuma. Njia ni tofauti, sharti ni lilelile. Nasi tukiandika «nifuateni», tumekwisha sema jambo ambalo Kiholanzi kimelinyamazia, kwamba aliwaambia watu wengi, na kwamba wengi walimfuata.

Jambo la tatu ni tofauti ya tendo la usemi. Ishara ya Kiingereza ni ya mwongozaji anayekusanya meli zilizotawanyika: shikeni mstari. Sentensi ya Kiholanzi ni ya shujaa. Ya kwanza ilikuwa na kazi ya dakika kumi. Ya pili ina kazi ya kudumu. Nchi iliyokuwa chini ya uvamizi ilihitaji kauli ya kushikilia, na lugha ikaitengeneza. Mwezi Juni 1942 Doorman alipewa, akiwa marehemu, nishani ya juu ya kijeshi ya Uholanzi, na jina lake limepewa manowari kadhaa, ya karibuni ikianza kazi mwaka 2015. Mwanaisimu hana haja ya kuivunja hadithi hiyo, lakini ana wajibu wa kutenganisha kilichosemwa na kilichokumbukwa.

7. Lugha iliyozama na lugha iliyoibuka

Tarehe 8 Machi 1942 jeshi la koloni lilisalimu amri kisiwani Java. Wajapani walipiga marufuku Kiholanzi shuleni na ofisini. Hawakuwa na muda wa kuwafundisha watu wote Kijapani. Wakalazimika kutumia lugha iliyokuwapo, yaani ile ya Kimalei ambayo vijana wazalendo, tarehe 28 Oktoba 1928, walikuwa wamekwisha itangaza kuwa lugha ya umoja kwa jina la Kiindonesia. Mwezi Oktoba 1942 ikaundwa tume ya lugha ya kutunga istilahi na kusanifisha sarufi. Vitabu vikaandikwa, walimu wakajifunza kufundisha sayansi kwa lugha ambayo mkoloni aliiona ya sokoni na ya amri kwa watumishi. Tarehe 17 Agosti 1945 uhuru ulitangazwa kwa Kiindonesia, na katiba ya mwaka huo ikakifanya lugha ya taifa. Uholanzi ilipigana kuirudisha nchi hiyo mpaka ilipokabidhi madaraka tarehe 27 Desemba 1949. Kwa upande wa lugha, kazi ilikuwa imekwisha.

Hatusemi kwamba uvamizi ulikuwa neema. Watu wengi sana walikufa kwa njaa na kazi za kulazimishwa. Tunasema kwamba mlango ulipofunguka, palikuwa na watu waliokwisha iandaa lugha yao kwa miaka 14. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Swali la kujiuliza si lini mlango wetu utafunguka, bali kama siku hiyo istilahi, kamusi na walimu watakuwa tayari.

8. Hitimisho

Tumeona ofisa aliyejiandaa maisha yake yote kwa vita, akapewa kikosi kisichokuwa na lugha moja, akafa, kisha akapewa sentensi ambayo hakuisema. Mabaki ya De Ruyter na Java yaligunduliwa chini ya bahari mwaka 2002. Mwaka 2016 wazamiaji walipokwenda tena, waliikuta mchanga ukiwa na alama tu za mahali meli zilipolala, kwa kuwa chuma kilikuwa kimechukuliwa chote na watafutaji wa vyuma chakavu, pamoja na makaburi ya watu waliokuwa humo. Kati ya vyote vilivyokuwa vya Doorman usiku ule, kilichodumu ni maneno matano ya Kiholanzi. Ndiyo sababu inatupasa kuyapima maneno kwa uangalifu uleule ambao wenzetu wa historia huyapima mabaki.